Barua ya wazi: Mmemtoza bibi faini kwa sababu ya mboga

Kwa Mwenyekiti wa Mtaa,
Afisa Mtendaji wa Mtaa,
Bwana Afya wa Kata,
na Mheshimiwa Diwani wetu.

YAH: MAJANI

Mwenyekiti, shikamoo. Wengine wote, habari za kazi.

Naanza kwa kukiri kosa. Simu iliyowaleta mtaani kwetu Jumanne ile niliipiga mimi. Nilikuwa nalalamikia kiwanja kilicho nyuma ya nyumba yangu, kile ambacho hakijajengwa tangu tuhamie hapa, na ambacho masika yakishika kinageuka pori kiasi kwamba paka akiingia asubuhi hatumwoni mpaka jioni. Nikasema kuna nyoka. Kweli alikuwepo, mmoja, tena mdogo. Nikasema watu wasiojulikana wanatupa taka, ingawa wanajulikana. Mkaja, na kwa kuja nawashukuru, maana ipo mitaa ambayo watu hupiga simu mwaka mzima.

Mlipofika kiwanjani hamkukuta mwenyewe wala geti la kugonga. Mkatuuliza. Mmoja akasema mwenye kiwanja yuko Dar, mwingine akasema yuko Marekani, wa tatu akasema alishafariki na watoto wanagombania mirathi. Mkabaki mmesimama na kitabu chenu cha faini mkononi. Kisha mkageuka, mkaliona geti la bibi liko wazi kama lilivyokuwa wazi miaka yote, mkaingia.

Bibi mnamjua. Makarani wa sensa ya mwaka 2022 walikuwa wanapumzikia kivulini kwake na kunywa maziwa yake. Uani kwake kuna migomba minne, mparachichi mmoja, banda la ng'ombe mmoja, na eneo lote lililobaki limeota vitu ambavyo Bwana Afya aliviandika kwenye karatasi kwa neno moja tu: "majani". Faini, shilingi 50,000. Sababu: "majani marefu, mazalia ya mbu".

Marefu kwa kipimo gani, sijui. Goti la Bwana Afya liko juu zaidi kuliko la Mtendaji.

Hayo "majani" naomba niwatajie kwa majina. Yaliyokuwa yamefika magotini karibu na bomba ni mnafu, na kama mlizaliwa mkoani Arusha mmeula kabla hamjamaliza kuota meno. Yale yenye maua meupe yaliyotoa masharubu ni mgagani. Kando ya banda ni mchicha pori. Ule mmea mwembamba unaotoa utomvu mweupe ukiuvunja ni mchunga, ambao bibi huuchemsha, akamwaga maji ya kwanza ili uchungu upungue, kisha akauunga kwa maziwa. Na chini ya kiatu cha Mtendaji, samahani kwa kusema, kulikuwa na mlenda.

Kutoka kwetu hadi Tengeru ni nauli ya daladala. Kule kuna tawi la Kituo cha Mboga cha Dunia, ambalo wengi tunalijua kwa jina la AVRDC, na limekuwepo tangu mwaka 1992. Wataalamu wake wanakusanya mbegu za mboga za asili za Afrika, wanazihifadhi kwenye ubaridi, wanazichambua na kuziboresha ili mkulima apate mnafu wenye majani mapana na mchicha usiokimbilia kutoa maua. Mgagani ukiwa kwenye jokofu la Tengeru ni hazina. Ukiota wenyewe kwa bibi, bila mshahara wala jokofu, unakuwa kosa.

Sasa kaka wa geti jeusi. Sitaki kumfanya shetani, kwa sababu ni jirani mwema. Usiku tulipopata msiba, gari lake ndilo lililokesha barabarani likibeba watu. Ila kwenye suala la majani ana ugonjwa wake. Alinunua paspalamu, zile nyasi za kupamba ua, ikaletwa na kenta ikiwa imekatwa vipande kama mikate, ikapangwa chini, ikamwagiliwa, na tangu siku hiyo kikichomoza kitu chochote cha rangi tofauti anatoka na kisu. Kwa maelezo yake, kila kinachoota kwake bila ruhusa kimetoka kwa bibi. Ndago ya bibi. Kishona nguo cha bibi. Mchicha wa bibi. Najua faili lenu lina malalamiko yake zaidi ya mara moja, na nadhani ndiyo sababu siku ile miguu yenu iliijua njia.

Mwezi Machi aliazima bomba la kubeba mgongoni, akanunua dawa ya kuua magugu, akapuliza kando ya uzio wa michongoma saa nane mchana, upepo ukivuma kuelekea kwa bibi. Dawa ile haina macho. Haijui mboga wala gugu, kila cha kijani inachokigusa inakikausha. Baada ya wiki moja tuta zima la mnafu lilikuwa njano, na mgomba wa pembeni majani yake yakaanza kujikunja. Siku hiyo bibi hakusema neno. Alisema kesho yake, na mtaa mzima ulisikia. Tangu hapo hawasalimiani. Yeye anamtishia kaka kumpeleka baraza la kata, na kaka anamtishia yeye kuwaleta ninyi. Wa pili ndiye aliyetimiziwa, na kwa bahati mbaya kwa simu yangu.

Laiti mngefuatana na bwana shamba siku ile, ugomvi huu ungeisha kabla chai haijapoa. Magugu hayatembei ovyo, kila moja lina usafiri wake, na ukiujua usafiri unajua limetoka wapi.

Ndago, kwa mfano, haipeperuki na upepo kuruka uzio. Chini ya udongo ina vijiazi vidogo vilivyoungana kama shanga kwenye uzi, na inasafiri pale udongo unaposafiri. Ndago ya kaka ilipanda ile kenta pamoja na paspalamu aliyoilipia kwa mita. Nilimwambia, hakupenda. Na kila anapoipiga jembe anaukata ule uzi, shanga zinabaki ardhini, kila moja inachipua kivyake, ndiyo maana inaongezeka kadiri anavyokasirika. Kishona nguo kinasafiri kwa suruali. Vijisindano vyake vinang'ang'ania kitambaa, na mtu anayekatiza kile kiwanja cha pori kila asubuhi kuwahi kituoni ni kaka mwenyewe. Mchicha pori, hapo nakubali, huenda ni wa bibi. Mbegu zake zinaweza kupita tumboni mwa ng'ombe zikatoka salama, na mbolea ya ng'ombe wa bibi ndiyo ambayo kaka huja kuiomba kila vuli ikikaribia, kwa ajili ya waridi zake. Huwa anapewa bure.

Kuhusu mbu nitasema kidogo tu. Mbu hazaliwi kwenye jani, anazaliwa kwenye maji. Dar es Salaam ilipopigwa na homa ya dengi mwaka 2014, ikapigwa tena 2019, mbu wanaoieneza walikuwa wale wanaotaga kwenye makopo, matairi, vifuu vya nazi na visahani vya chini ya vyungu vya maua. Siku ile mlipita mbele ya fundi pancha mwenye rundo la matairi yaliyojaa maji ya mvua, mkamsalimia, mkaendelea na safari. Kwa bibi hakuna maji yanayolala. Yote yanaishia kwa ng'ombe na kwenye migomba. Nyoka na panya ni jambo lingine, na hapo niko upande wenu: majani marefu mlangoni ni hatari, na bibi mwenyewe hufyeka hatua kadhaa kuizunguka nyumba. Ila kama tatizo ni nyoka, karatasi iandike nyoka.

Sasa niwaonyeshe gugu lenyewe. Siku ile mlilikanyaga mara mbili, mkiingia na mkitoka. Limesimama kushoto mwa geti la bibi, nje, kwenye hifadhi ya barabara, yaani kwenye eneo lenu. Linafika kifuani. Majani yake yamechanika kama ya karoti, na juu limejaa maua madogo meupe ambayo mtu asiyejua anaweza kuyachuma akapeleka kanisani. Ndilo gugu karoti. Jina lake la kitaalamu ni Parthenium hysterophorus, na kwao ni Amerika ya joto, maeneo ya Ghuba ya Mexico. Nchini kwetu lilianza kuripotiwa karibu na mwaka 2010, hukuhuku Arusha. Mimi mwenyewe nilipoliona mara ya kwanza niliona limependeza. Nikaliacha.

Gugu hili huhitaji wiki nne hadi nane tu tangu kuota mpaka kutoa maua, na mmea mmoja ulioshiba unaweza kumwaga hadi mbegu 25,000. Zikifukiwa hazifi, zinakaa miaka zikisubiri mtu afukue. Zinasafiri kwenye matope ya matairi, kwenye kwato, kwenye maji ya mtaro, na kwenye mchanga wa kujengea ambao kila wiki malori yanaumwaga mtaani kwetu. Likishaota, mizizi na majani yake yanatoa kemikali zinazozuia mimea mingine kuota jirani yake. Angalieni kando ya barabara yetu, kule kulikokuwa na ukoka ambao watoto walikuwa wanachezea mpira: sasa kuna gugu karoti na vumbi.

Ubaya wake unakuja taratibu, ndiyo maana watu hawalishtukii. Mwaka wa kwanza nililing'oa kwa mikono mitupu, sikupata kitu. Mwaka wa pili nikawashwa kidogo, nikapaka mafuta. Mwaka wa tatu mikono ilivimba hadi kwenye viwiko, ngozi ikapasuka, na zahanati wakanipa dawa ya kupaka na swali moja: unafanya kazi gani, mzee? Mwili unalizoea kwa kulichukia. Kila ukikutana nalo unazidi kulikataa. Wenye pumu chavua yake inawasumbua. Na ng'ombe akilishwa majani yaliyochanganyika nalo, maziwa yanapata uchungu. Wale vijana wanaopita na mikokoteni kutuuzia majani ya ng'ombe wanakata wapi? Zamani walikuwa wanakata mabingobingo mashambani. Siku hizi mashamba yamekuwa nyumba, wanakata kando ya barabara.

Halafu kuna Jumamosi zetu. Mimi ni mpenzi wa zile Jumamosi, niseme wazi. Tarehe 9 Desemba 2015 Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru akatutoa wote na mafagio, nilikuwa mtaroni hadi magotini, na usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ulipokuja baadaye sikosi labda niwe mgonjwa. Lakini tuangalie tunachofanya. Mwisho wa Aprili mlitupanga kando ya barabara na mafyekeo, tukalifyeka gugu karoti likiwa limejaa maua, tukajisifu kwa weupe wa barabara, kisha mabaki yakapakiwa kwenye trekta lisilofunikwa, likazunguka nayo kata nzima hadi dampo. Mngetaka kulipanda kwa makusudi msingepata njia nzuri kuliko hiyo. Na shina lililofyekwa halikufa, limechipua kutoka chini na matawi mengi kuliko mwanzo. Nendeni mkaone, sasa hivi yako usawa wa goti na yana maua tena.

Gugu hili linang'olewa na mizizi yake, udongo ukiwa umelowa, kabla halijatoa maua, na anayeng'oa anavaa glavu na mikono mirefu. Lililokwisha kutoa maua linaingizwa kwenye gunia palepale liliposimama, gunia linafungwa, halipandi trekta la wazi. Sio siri ya kitaalamu hiyo. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2020, makao yake makuu hayako Dodoma wala Dar. Yako hapahapa Arusha, kule Ngaramtoni. Barua moja yenye muhuri wenu ingetosha kumleta mtaalamu asimame na kila mwenyekiti wa mtaa kwa nusu saa, amwonyeshe mmea kwa kidole.

Kuna mtu atasema huyu anakataa sheria. Siikatai. Tangu mwaka 1982 sheria ya serikali za mitaa inazipa halmashauri za miji uwezo wa kutunga sheria ndogo, na mtu akigeuza ua wake kuwa jalala mimi nitakuwa wa kwanza kupiga simu tena. Ninachokilalamikia ni sheria kuwa na macho ya kuona kimo na kukosa macho ya kuona mmea. Kwa sheria ya kimo, paspalamu iliyonyolewa, yenye ndago chini, ni safi. Mnafu unaolisha watu wanne ni uchafu. Na gugu linalovimbisha watu mikono halina mwenyewe wa kuandikiwa, kwa hiyo halipo. Anayelipa ni yule aliyeacha geti wazi.

Na kile kiwanja? Bado kipo, kirefu kuliko kabla hamjaja. Mwenyewe hatumjui sisi, lakini idara ya ardhi inamjua, maana kiwanja kimepimwa na jina lake liko kwenye daftari la kodi ya pango la ardhi. Hati za viwanja vya mjini huja na masharti ya kuendeleza, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeeleza yanayoweza kumpata anayeyapuuza, mpaka kubatilishiwa miliki. Sisemi anyang'anywe. Pengine ni kweli yuko kwenye mirathi, na mirathi tunaijua ilivyo. Nasema aandikiwe barua. Asipojibu, bandikeni tangazo kwenye nguzo ya umeme pale kiwanjani, lipeni vijana wa mtaa wang'oe kabla ya maua, na gharama hiyo mwangalie namna ya kuidai kwake pamoja na kodi. Kama sheria ndogo zetu haziruhusu, Mheshimiwa Diwani, hiyo ndiyo kazi ya vikao vyenu, na ingekuwa hoja nzuri kuliko ile ya kubadili rangi za vibanda.

Kwa bibi ninaomba mambo mawili. Faini ile ifutwe, na ifutwe kwa maandishi, kwa sababu karatasi ile ameikunja akaiweka ndani ya Biblia yake na kila akiifungua inamwangukia. La pili, aje mtu mmoja kati yenu, ikiwezekana Mwenyekiti ambaye ni rika lake, akae naye. Mambo ya dawa ya Machi mngeyaweka mezani siku hiyohiyo, kaka akiwepo. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2021 hata baraza la kata limebakiwa na kusuluhisha tu kwenye migogoro ya ardhi, kwa hiyo hakuna haja ya kupandishana hadi kule kwa tuta la mnafu. Nimeshazungumza na kaka. Alikuwa mkali dakika tano za mwanzo, nilipomweleza ile habari ya kenta. Kisha akaniuliza kama ni kweli mgagani unaliwa na mgonjwa wa kisukari, maana mama yake ni mgonjwa. Nikamwambia aende akamuulize anayeupika.

Hajaenda. Na hata angeenda, angegonga. Tangu Jumanne ile geti la bibi lina kufuli, na sisi tuliokuwa tunaingia na kikapu bila hodi tunaita kutoka nje kama wageni.

Nimenunua jozi sita za glavu za mpira, zile ndefu, na magunia kumi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu wa Mei, saa 12 na nusu asubuhi, umande ukiwa bado chini, nitakuwa kwenye kiwanja. Fundi pancha anakuja. Nimemwambia atoboe kwanza yale matairi yake. Kaka wa geti jeusi amesema atakuja akipata viatu. Bibi hajanijibu, ila jana jioni nilimsikia ananoa jembe. Mwenyekiti, jozi moja ni yako. Kitabu cha faini kibaki ofisini.

Wenu,
Mkazi, nyumba ya tatu kutoka mashine ya kusaga